Danieli, Askofu Gitari na Mimbari Yetu

SOMO LA MWEZI. Soma kwanza: Danieli 6:1-28, kisha Mwanzo 4:1-16.



Kabla hujaendelea na ukurasa huu, twakuomba uchukue Biblia yako uisome sura ya sita ya Danieli mpaka mwisho. Wengi wetu twaijua habari hii tangu Shule ya Jumapili, lakini twaijua nusu. Twawajua simba. Lakini Danieli hatupwi katika tundu la simba mpaka mstari wa 16, na ile mistari 15 iliyotangulia twaipita mbio, kama abiria apitaye kituo kisicho chake. Mwezi huu tutakaa katika hiyo 15.

Sababu ya kuichagua sura hii ni swali lililoulizwa katika mkutano wa mwaka wa parishi yetu. Kijana mmoja alisimama akauliza kwa nini kanisa lilinyamaza kile kiwanja cha soko kilipozungushiwa mabati. Mzee mmoja wa kanisa akamjibu ya kuwa mambo hayo ni siasa, na kanisa halina siasa. Wengine walipiga makofi. Mwenyekiti akasema twende kwenye jambo linalofuata, nalo lilikuwa habari ya viti vya plastiki. Viti vilizungumzwa vikaisha. Swali la kijana halikuisha, na sisi tuandikao somo hili tumekubaliana kwamba haifai kuliacha hivi hivi.

Danieli mtumishi wa serikali

Hebu tuangalie mwanzo wa sura. Mfalme Dario aliweka maamiri 120 juu ya ufalme wake, na juu yao wakubwa watatu, ambao maamiri walipaswa kuwatolea hesabu ili mfalme asipate hasara. Danieli alikuwa mmoja wa hao watatu. Basi kazi yake, kwa maneno ya siku hizi, ilikuwa kazi ya ukaguzi. Alikaa pale kuhakikisha kwamba mali ya ufalme haipotei njiani. Maamiri 120 wapokeao mali, na mkubwa mmoja asiyekula rushwa! Sababu ya kumchukia Danieli twaweza kuielewa bila kufundishwa na mtu.

Wakatafuta kosa katika kazi yake, wasilione. Hapa twasimama kidogo. Siku hizi Mkristo akisifiwa kanisani, husifiwa kwa sala zake na kwa matoleo yake. Danieli alisifiwa na adui zake, na kwa vitabu vyake vya hesabu. Ni vikundi vingapi vya parishi yetu vingeweza kumkabidhi adui daftari la fedha alale nalo usiku mmoja?

Walipokosa kosa, waliunda sheria ya kumpatia kosa. Tazama sana mstari wa 7. Walimwendea mfalme pamoja, wakamwambia ya kuwa wakubwa wote wa ufalme wamefanya shauri. Wote? Danieli alikuwa mkubwa, tena wa juu kabisa, naye hakuulizwa neno. Kwa hiyo lile neno "wote" lilikuwa uongo, na sheria nzima ilijengwa juu yake. Twaomba msomaji alitie alama kwa kalamu. Kisha wakaipaka sheria asali: kwa muda wa siku 30 mtu yeyote asiombe kwa mungu wala kwa mwanadamu, ila kwa mfalme. Ni mtawala gani asiyependa kusikia hivyo? Dario akatia sahihi. Hakuuliza ni nani aliyekosekana katika shauri lile, wala sheria imekusudiwa kumpata nani. Alipokuja kujua, alihangaika mpaka jua likachwa akitafuta njia ya kumwokoa Danieli, asiipate, kwa maana sheria ya Wamedi na Waajemi haibadiliki. Mfalme akawa mfungwa wa sahihi yake mwenyewe.

Na Danieli alifanya nini? Alikwenda nyumbani akaomba mara tatu kwa siku, kama alivyofanya siku zote, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Angeweza kuyafunga. Mungu humsikia hata aliyejifungia chumbani, na Bwana wetu mwenyewe alifundisha kuomba kwa siri (Mathayo 6:6). Tena zilikuwa siku 30 tu. Lakini tangu sahihi ile itiwe, dirisha halikuwa dirisha tu. Kulifunga kungekuwa kutia sahihi ya pili chini ya ile ya mfalme.

Mahubiri ya mwaka 1987

Sura hii iliwahi kuhubiriwa katika nchi yetu ya Kenya na kuwasumbua wakubwa kwa siku nyingi. Vijana wetu wengi hawakuwa wamezaliwa, na wazee wengine wamesahau, au wamependa kusahau.

Mhubiri alikuwa David Mukuba Gitari. Alizaliwa mwaka 1937 katika Kirinyaga. Alikuwa katibu mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya, na mwaka 1975 akawekwa kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki. Baadaye alikuwa Askofu wa Kirinyaga, na tangu 1997 mpaka 2002 alikuwa Askofu Mkuu wa kanisa letu. Alilala katika Bwana mwaka 2013.

Kabla hajawekwa askofu alikuwa amekwisha kuonja ubaya wa kusoma sura mpaka mwisho. Machi 1975 mbunge J. M. Kariuki aliuawa, na mwili wake ukaonekana katika vilima vya Ngong. Nchi nzima ilikuwa na hofu. Wakati huo Gitari alipewa nafasi ya kutoa mafundisho ya asubuhi katika redio ya taifa, yale mafundisho mafupi ambayo watu huyasikiliza wakinywa chai. Akafundisha juu ya uhai wa mwanadamu, na akafika kwa Kaini na Habili. Mwanzo 4 haina jina la mtu wa Kenya. Ina swali ambalo Mungu alimwuliza Kaini juu ya ndugu yake, na ina damu inayolia kutoka ardhini. Kila aliyewasha redio alielewa. Wakubwa wa redio nao walielewa, wakamwita awaeleze.

Sasa twaja kwa Danieli. Agosti 1986 chama cha KANU, ambacho kwa sheria ndicho kilichokuwa chama pekee nchini tangu 1982, kilikuwa kimekata shauri kwamba wagombea watachaguliwa kwa mlolongo. Kwa ajili ya vijana tueleze jinsi ilivyokuwa. Hapakuwa na karatasi ya kura wala sanduku. Wapiga kura walipanga mstari nyuma ya mgombea wao, au nyuma ya wakala wake aliyeshika picha, mchana, mbele ya chifu na mbele ya jirani na mwajiri. Watu wakahesabiwa pale pale. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa ameshinda kabisa, bila kungoja kura ya siri. Na watu wakiisha kutawanyika kwenda makwao, hapakubaki kitu cha kuhesabu tena. Mlolongo mfupi uliweza kutangazwa kuwa mrefu, na katika uchaguzi wa 1988 watu waliona kwa macho yao ukitangazwa hivyo.

Baraza la Makanisa la Taifa lilikataa mpango huo tangu mwanzo. Moja ya sababu zake yatugusa sisi wa parishi: kasisi atasimama vipi nyuma ya mgombea mmoja Jumatatu, kisha Jumapili awape Ushirika Mtakatifu waliosimama nyuma ya mwingine? Ni neno dogo, lakini lina uchungaji ndani yake.

Tena mwisho wa mwaka huo wa 1986 katiba ilibadilishwa. Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa serikali wakaondolewa ulinzi wa kazi zao. Mkaguzi wa hesabu! Msomaji aliyetia alama kwa kalamu katika mstari wa 2 na wa 7 aona tunakokwenda. Mwaka 1988 majaji nao wakaondolewa ulinzi wao.

Ni kati ya mambo hayo, Juni 1987, Askofu Gitari alisimama Nyeri akahubiri Danieli 6. Alieleza sura kama mwalimu aelezavyo, akashuka nayo kutoka juu mpaka chini, na alipofika kwenye sheria ya Dario alionya juu ya kubadilisha katiba ya nchi bila watu kupewa nafasi ya kuijadili. Wanasiasa walimshambulia katika magazeti siku baada ya siku. Mahubiri yake ya wakati huo yalikusanywa, yakatolewa kuwa kitabu mwaka 1988.

Aliendelea kusema juu ya wizi wa kura katika wilaya yake mwenyewe. Usiku mmoja wa Aprili 1989 watu wenye silaha waliivamia nyumba yake. Askofu alipanda juu ya paa akapiga kelele, na majirani wakaja. Twapenda kuwakumbuka majirani hao. Watu husimulia habari za askofu juu ya paa na kuwasahau wanakijiji walioacha vitanda vyao gizani bila kujua watakutana na nani.

Hakuwa peke yake. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini na Askofu Alexander Muge wa Eldoret walisema kwa ujasiri ule ule. Agosti 1990 Askofu Muge alifariki katika ajali ya barabarani akirudi kutoka Busia, siku chache baada ya waziri mmoja kumtishia kwamba akifika huko hatatoka hai. Mwisho wa mwaka huo KANU iliacha mlolongo, na Desemba 1991 vyama vingi vikaruhusiwa.

Je, ile ilikuwa siasa?

Mzee wetu aliyejibu kijana hakujibu kwa ubaya. Maneno yale yana maana yake, nasi tusiyadharau. Mimbari si jukwaa la chama. Tumewahi kusikia wahubiri, hata katika siku zetu, ambao huleta chuki zao wenyewe kanisani na kuzifunga kamba kwenye mstari mmoja wa Biblia, kama mtu afungaye mzigo juu ya punda asiye wake. Wala si kila neno la kila askofu juu ya nchi lina baraka ya mbinguni. Maaskofu nao hukosea.

Lakini njia ya Gitari ilikuwa na kinga yake. Alihubiri sura, na msikilizaji alikuwa na sura ile ile magotini. Kama mhubiri ameongeza, msikilizaji ataona. Kama ameruka, ataona pia. Wala hakuwa akitafuta kiti. Aliyekuwa akitafuta kitu kutoka kwa mfalme Dario ni maamiri. Danieli hakuwa akitafuta. Kutafuta kiti ni siasa moja, nayo haimfai kasisi. Kusema kwamba mlolongo mfupi ni mfupi ni ushahidi, na amri ya tisa haikuweka mpaka kwamba ushahidi wa kweli utolewe mbali na siku za uchaguzi.

Na tuseme jambo jingine ambalo ni gumu zaidi. Anayenyamaza ili asifanye siasa huenda amekwisha kuifanya. Ahabu alipolitaka shamba la Nabothi, wazee wa mji walioishi na Nabothi hawakuwa na siasa. Walipokea barua yenye muhuri wakafanya kama ilivyoandikwa.

Habari zetu wenyewe

Sasa turudi kwenye mabati ya kiwanja cha soko. Tutaeleza kwa kifupi, wala hatutataja jina la mtu, kwa kuwa nia yetu si kumshtaki mtu bali kujiuliza sisi.

Miaka michache iliyopita tulifanya harambee ya kuezeka kanisa. Tulihitaji fedha, hilo halina ubishi. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya meza ya Bwana, na akina mama wa Umoja walikuwa wakiweka masufuria chini ya matone wakati wa Litania. Tukamwalika mgeni wa heshima, mtu mkubwa katika siasa za sehemu hii. Alikuja na watu wake, akatoa bahasha nene. Baada ya matangazo alikaribishwa asalimu watu, na salamu zile zilichukua dakika 40 kwa saa ya ukutani. Alisimama katika mimbari. Mhubiri wa siku hiyo, aliyekuwa amejitayarisha juma zima, aliambiwa kwa kijikaratasi afupishe. Mgeni aliwasema vibaya watu wasiokuwapo, nasi tukacheka. Tuandike kweli: tulicheka, na sisi tuandikao tulikuwamo. Paa likaezekwa, nalo ni paa zuri.

Mwaka uliofuata kiwanja cha soko, ambapo akina mama huuza nyanya na sukuma wiki kila Jumamosi tangu zamani, kilizungushiwa mabati usiku. Watu walisema ni watu wa mgeni wetu. Sisi hatuna hati mkononi ya kuhakikisha hivyo wala si kazi ya somo hili kuhukumu. Tunachokijua kwa hakika ni hiki: akina mama wanane, wote washirika wetu, walikuja mbele ya Baraza la Kanisa wakaomba barua tu, ya kuuliza afisi ya ardhi kiwanja kile ni cha nani. Barua ya kuuliza! Baraza lilijadili muda mrefu. Mmoja wetu akasema tusimwudhi mtu aliyetuezekea paa. Hakuna aliyempinga. Kumbukumbu za mkutano zasema tu kwamba jambo hilo liliahirishwa. Akina mama wanauza kando ya barabara sasa, katika vumbi la matatu, na wawili kati yao hawaonekani tena kanisani. Wengine sita wanakuja, wanakaa chini ya lile paa, na hutoa sadaka.

Hivi ndivyo madirisha yanavyofungwa katika parishi kama yetu. Hakuna aliyetutishia kwa simba. Hakuna askari aliyekuja. Tulipewa, tukashukuru, na mdomo uliojaa shukrani ukakosa nafasi ya kuuliza neno moja.

Kanisa letu limekwisha kuliona jambo hili. Septemba 2021, katika kuwekwa kwa Askofu Rose Okeno huko Butere, askofu mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi katika Kanisa la Kianglikana la Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwakatalia wanasiasa nafasi ya kuhutubia ibada, akasema mimbari ni ya kasisi. Wakaribishwe, waketi na kuabudu kama wengine. Juni 2024 vijana waliokuwa barabarani wakipinga Mswada wa Fedha waliyageukia makanisa pia, wakiuliza kwa nini tumewapa wanasiasa madhabahu kwa bei ya bahasha. Maneno yao mengine yalikuwa makali, lakini wazazi wengi walinyamaza kwa kukosa jibu. Na Novemba mwaka huo Askofu Mkuu wa Wakatoliki wa Nairobi alikataa fedha alizotoa Rais katika parokia moja ya Soweto jijini, akaagiza zirudishwe. Parokia ile ilikuwa na mahitaji yake kama sisi tulivyo na yetu. Nyumba ya kasisi iliyokuwa ijengwe kwa fedha zile haikupungua kuhitajika kwa sababu ya kanuni.

Hatusemi kwamba mwenye cheo asitoe sadaka. Atoe. Zakayo alitoa, na alikuwa na cheo. Lakini Zakayo aliahidi pia kuwarudishia aliowanyang'anya, tena mara nne, na hatusomi popote kwamba alipewa nafasi ya kusalimu watu.

Kazi ya mwezi huu

Jambo hili si la zamani tu. Ukumbi wetu umesimama kwenye madirisha kwa kukosa saruji, na Baraza limepata habari ya kwamba mgeni mwingine yuko tayari kutusaidia, akiomba siku ya Jumapili na "nafasi ndogo" baada ya matangazo. Jibu halijatolewa. Baraza litakutana Alhamisi ya mwisho ya mwezi.

Kabla ya siku hiyo twaomba kila kikundi, Umoja wa Akina Mama, akina baba, vijana, na kila ushirika wa nyumbani, kisome 1 Wafalme 21 yote, mstari kwa mstari, bila kuruka. Mkae zaidi katika mistari ya 8 hadi 13. Mwandike barua ile iliandikwa kwa jina la nani, wazee wa mji waliagizwa watangaze kitu gani cha dini, na ni nani katika mji wa Yezreeli angeweza kukataa. Mwandike pia, bila kutaja majina ya watu, kikundi chenu kingesema nini kama kingekuwa kimekaa katika Baraza siku walipokuja akina mama wanane.

Majibu yapewe katibu wa parishi kabla ya Jumapili ya tatu. Wale akina mama sita wameombwa kuja Alhamisi hiyo, na mzee mmoja amejitolea kwenda kuwatembelea wawili waliobaki nyumbani. Ile barua ya afisi ya ardhi imekwisha kuandikwa, ina mistari minne, nayo inangoja sahihi.